Joto la Moshi Si Kisingizio

Kila mara wananchi wanapolalamikia moshi wa kiwanda, hujibiwa neno lile lile: moshi wa tanuru ni wa moto mno, hakuna kichujio kiwezacho kuustahimili. Jibu hili tunalikataa. Lilikuwa na chembe ya ukweli pale viwanda vilipotegemea mifuko ya kitambaa peke yake, kwani hata kitambaa kilicho imara huharibika joto lipitapo nyuzi 260 hivi. Ndipo moshi hupozwa kwanza, ama (na kishawishi hiki tunakijua) huachiwa njia ya pembeni uende zake angani.

Lakini vichujio vya kauri vipo. Ni mirija mirefu iliyozibwa upande mmoja. Wataalamu huiita mishumaa, ingawa haiwaki. Moshi hupenya kuta zake zenye vitundu visivyoonekana kwa macho, vumbi hubaki nje, na kila baada ya muda pigo la hewa iliyoshindiliwa hulikung'uta lianguke chini. Hustahimili joto ambalo kitambaa kingegeuka majivu. Chokaa ikipulizwa ndani ya moshi kabla haujakifikia kichujio, hata gesi za asidi hukamatwa.

Hatusemi kwamba kauri ni mwujiza. Huweza kupasuka kwa badiliko la ghafla la joto. Zebaki iliyo mvuke huipita. Madini ya risasi nayo, moshi ukiwa wa moto kupita kiasi, huponyoka yakiwa mvuke. Na vumbi lililonaswa bado ni sumu: kulimwaga nyuma ya ukuta ni kuihamisha sumu kutoka kifuani mwa jirani hadi kisimani mwake.

Ndugu, tazameni Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda kilichoyeyusha risasi ya betri kuukuu kando ya makazi hayo kilifungwa mwaka 2014, risasi ikiwa imekwisha kuingia katika damu ya watoto. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua amri hiyo, Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Na bado kuna watu wanaotuambia kwamba kuchuja moshi ni ghali!

Tunadai, basi, kwamba kabla ya leseni kutolewa mwenye tanuru aonyeshe hadharani kichujio chake, daftari la joto la moshi wake, na mahali vumbi litakapozikwa.