Mchezo wa Kugawana Afrika

Kijana mmoja afanyaye kazi katika nyumba ya wageni mjini Arusha ameuliza swali ambalo yafaa lijibiwe mbele ya wote. Wageni wake walimfundisha mchezo wa mezani uitwao Mombasa, naye akaupenda sana. Lakini alipomwonyesha babu yake picha za mchezo huo katika simu, mzee alitikisa kichwa akasema, “Hao wanacheza na mashamba yetu.” Kijana auliza: je, ni vibaya kuucheza?

Kwanza tuujue mchezo wenyewe. Uliundwa na Alexander Pfister, mtu wa Austria, ukatolewa mwaka 2015. Mezani hutandazwa ramani ya Afrika. Zipo kampuni nne, nazo zaanzia Mombasa, Cape Town, Saint-Louis na Cairo. Wachezaji, wawili hadi wanne, hununua hisa katika kampuni hizo na kueneza vituo vyake vya biashara kuelekea bara. Hucheza kwa karata za pamba, kahawa na ndizi, hutafuta almasi, huandika vitabu vya hesabu. Mwishoni mwenye mali nyingi ndiye mshindi.

Na tuseme kweli: mchezo huo ni mtamu. Atakayesema kwamba wanaoupenda wana roho mbaya, atakuwa amewasingizia. Utamu wake ni ndugu ya ule tunaoujua katika bao. Mwenye kucheza bao hatazami kete zilizo mkononi tu. Hutazama mashimo yote 32, huhesabu kete zitaishia wapi, na hufikiri mwenzake atajibu nini. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mpenzi wa bao. Katika mchezo wa Mombasa pia wote huanza sawa, akili hupimwa, na kabla hawajaenda kulala kila mtu ameona matunda ya mpango wake. Aliyeshinda kutwa akiagizwa na wakubwa, jioni huwa mwenye kampuni. Nani asiyependa?

Tena habari za makoloni zawafaa sana watunga michezo. Zina meli, ramani, mazao, na nafasi zilizo wazi zikingoja kujazwa. Mchezo wa Puerto Rico, uliotolewa mwaka 2002, una mashamba ya miwa, tumbaku na kahawa. Meli huleta watu wa kuyalima, nao ni vipande vidogo vya mviringo, rangi yake kahawia. Sheria za mchezo ziliwaita walowezi. Lakini katika kisiwa chenyewe utumwa ulikomeshwa mwaka 1873 tu, na mengi katika mashamba ya miwa yalilimwa na watumwa.

Hapo ndipo babu alipoona jambo. Katika ramani ile ya mchezo wa Mombasa, hakuna mchezaji anayeshika upande wa wenyeji. Hakuna asemaye, “Hapa ni kwangu, baba yangu amezikwa hapa.” Mwaka 2022 mchezo huo ulitolewa upya kwa jina la Skymines. Kanuni zake nyingi ni zile zile, ila sasa kampuni hazigawani Afrika, zagawana mwezi. Wala mchezo haukuharibika! Tufikiri maana yake. Kama yawezekana kuiondoa Afrika na kuweka mwezi mahali pake, basi tangu mwanzo Afrika ile ilikuwa tupu kama mwezi.

Lakini Meru haikuwa tupu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Kiingereza ilimweka Jaji Mark Wilson achunguze habari za ardhi katika wilaya za Arusha na Moshi. Katika taarifa yake ya mwaka 1947 alishauri kwamba mashamba ya walowezi kati ya Meru na Kilimanjaro yashikane, na Waafrika walio katikati waondoke. Juu ya ramani shauri hilo ni safi kabisa: rangi hii huku, rangi ile kule. Wameru wa Engare Nanyuki, watu wapatao 3,000, waliambiwa wahamie Kingori. Wakakataa. Mwezi wa Novemba 1951 askari walikuja, nyumba zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa.

Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, mwana wa Meru, alikwenda New York akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, miaka mitatu kabla ya Mwalimu Nyerere kwenda huko. Azimio la kuwatetea Wameru halikupata theluthi mbili za kura zilizotakiwa. Hata hivyo sauti yao ilisikika Tanganyika nzima. Mwaka 1967 Japhet na wakili Earle Seaton waliitoa habari hiyo katika kitabu. Mezani, nafasi ikichukuliwa haina la kusema. Huku kwetu, nafasi iliyochukuliwa ilipanda ndege ikaenda kushtaki.

Basi, kijana ajibiwe. Kucheza si vibaya. Kusogeza vipande vya mbao si kumnyang'anya mtu shamba. Wengine wamechagua kuacha: mwaka 2019 kampuni moja ya Marekani iliufuta mchezo wa kugombea Afrika kabla haujatolewa, baada ya watu kulalamika. Lakini mtoto aliyekatazwa tu hajifunzi kitu. Afadhali acheze huku akiuliza maswali matatu: Hapa palikuwa na nani? Kazi hii yafanywa na nani? Aliyehamishwa alikwenda wapi? Akiyauliza mezani, atayauliza pia siku watu wenye ramani watakapokuja kijijini kupima ardhi. Na siku hiyo hakuna atakayeanza sawa na mwenzake.

Majibu ya maswali hayo hayamo katika kijitabu cha sheria za mchezo. Yamo kwa wazee. Aliyekuwa mtoto wa miaka 10 mwaka 1951 sasa amepita 80, na kila mwaka twawazika. Kwa hiyo, enyi wazazi wa Ngarenanyuki, Kingori, Akeri na kote mlimani, msingoje. Watumeni watoto kwa babu na bibi, wawapelekee maziwa au ndizi, wawaamkie vizuri, kisha waulize: mpaka wa shamba ulipita wapi? Siku ile mlibeba nini? Ng'ombe walikuwa wangapi? Wayaandike yote katika daftari la shule, pamoja na majina na tarehe, na mzee asomewe ili asahihishe palipokosewa. Daftari hilo litunzwe pamoja na hati za shamba.