Maji ya Mwenyeji

Ukiteremka kutoka Kwale kuelekea Kinango, msitu wa Shimba Hills huachwa nyuma mara moja. Sasa hivi ulikuwa kwenye kijani na upepo wa baridi, na mara mbele yako ni nyika, vichaka vya miiba na vumbi. Mtu wa mjini aliyezoea kudhani kwamba Kwale yote ni Diani na minazi yake huanza kujiuliza kama hajapotea njia.

Tulikuwa wanne siku hiyo ya Septemba, mwaka wa 2022: dereva, mpiga picha, kijana mmoja Mduruma mwanafunzi wa chuo aliyekuwa macho na ulimi wetu, na mimi. Safari yetu ilikuwa ya Samburu. Si Samburu ya kaskazini, msomaji. Hii ni ile iliyo kwenye barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi. Mvua zilikuwa zimekosekana misimu minne mfululizo, na malambo tuliyoyapita yalikuwa matope yaliyopasukapasuka.

Nyika hii ina historia yake. Mmishonari Mjerumani Johannes Rebmann aliivuka mwaka wa 1848, akiongozwa na Bwana Kheri. Alitoka Rabai Aprili 27 na Mei 11 akauona Kilimanjaro. Huko London msomi mmoja, William Desborough Cooley, alikataa katakata kwamba theluji yaweza kuwako karibu na ikweta. Watu huikumbuka theluji hiyo. Mimi hukumbuka zaidi maji ya njiani. Misafara ya zamani iliyopita Taru ilitegemea mashimo ya mwambani, yaitwayo ngurunga, yanayohifadhi maji ya mvua. Msafara uliyakuta makavu ulikuwa mashakani.

Sisi tulikuwa na gari, kwa hiyo hatukuwaza hayo. Chupa zetu za maji tulizimaliza kabla ya saa saba.

Alasiri rejeta ikachemka. Dereva alifungua boneti, mvuke ukamrukia, akaruka nyuma akilitaja jina la mama yake. Kijana wetu akatuongoza hadi boma moja lililokuwa karibu, akapiga hodi. Bibi mmoja alitukaribisha kivulini, akatuwekea vigoda, na baada ya salamu ndefu akaniletea maji katika beseni dogo.

Nilinawa mikono. Nikanawa uso, nikanawa na shingo, maana vumbi lilikuwa limeniingia hadi masikioni. Kisha nikayamwaga chini ya mti, kama nifanyavyo nyumbani. Bibi hakusema neno. Kijana aliinama, akaninong'oneza: "Kaka, hayo yalikuwa ya kunawa sote wanne. Halafu yangepewa mbuzi."

Hakuna aliyenikemea, na hilo ndilo lililoniuma.

Jua lilipokaribia kuzama mjukuu wake akaingia na mtungi wa lita 20 kichwani. Alikuwa ametoka alfajiri. Alikuwa darasa la nane, mtihani wa taifa ulikuwa Novemba, na siku hiyo hakwenda shule.

Basi tukaanza kubishana pembeni. Dereva alitaka tuombe maji ya rejeta. Mpiga picha alisema heri tulale garini tungoje lori. Mimi nilinyamaza, mtu aliyekwisha kumwaga beseni zima hana la kusema. Bibi hakuhitaji kutafsiriwa. Alichukua kata, akahesabu mwenyewe, akampa dereva kama lita nne.

Nikatoa pesa. Alizitazama, akanirudishia. "Mwanangu, nikizishika hizi, leo nitanunua maji wapi?" Nilimsihi sana hadi akazipokea, lakini alizifunga pembeni ya leso bila kuzitazama tena. Waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakuniona mimi siku hiyo.

Msichana alisimama karibu na gari akitazama maji yake yakiingia kwenye bomba. Akamwuliza kijana jambo kwa Kiduruma. Kijana akajibu kwa ufupi, akapanda. Tulipofika Samburu usiku ndipo nilipomwuliza alikuwa ameulizwa nini.

"Aliuliza kama tutarudi kwa njia ile ile."

Kesho yake tulirudi Mombasa kwa barabara ya lami.