DOGO WA MADALE KAUZA SIMU ANUNUE SAUNDIKADI MPYA, KUMBE UGONJWA ULIKUWA KWENYE PINI YA HEDIFONI!

Wadau, leo wekeni pembeni nani kaachana na nani. Kuna mchezo unachezwa kwenye studio za mageto, unakula hela za vijana kimya kimya, na wanaoucheza ni watu wale wale mnaowapigia makofi Insta kila siku.

Iko hivi. Kuna dogo mmoja wa Madale, jina kapuni. Kamaliza form four, hela ya kuendelea hakuna, lakini kichwa kimejaa ngoma. Nyuma ya nyumba ya mama yake ana kachumba kamebandikwa magodoro ukutani, laptopu ya mtumba, maiki ya kawaida na saundikadi ya USB aliyoinunua mkononi kwa mtu. Akivaa hedifoni arekodi, anasikia maajabu. Vinanda vya pembeni vipo, mwangwi upo, ila sauti ya mwimbaji iko mbali kama mtu kaingia ndani ya pipa la maji. Besi hamna. Ngoma kubwa hamna.

Dogo akafanya anachofanya kila dogo mwenye adabu, akamuuliza mkubwa. Kwenye grupu lao la WhatsApp kuna prodyuza mwenye jina lake mjini, naye kapuni, msihangaike kubahatisha. Dogo kaandika: "Shikamoo braza. Samahani, hedifoni zangu nikichomeka kwenye saundikadi vokali inapotea. Naomba msaada." Mkubwa hata hiyo shikamoo hakuiitikia. Kaweka vimoji vitatu vya kucheka, halafu voisi noti fupi: "Dogo, hilo ni toi. Tafuta mashine, acha kuchosha watu." Grupu zima likacheka.

Wiki hiyo hiyo dogo kauza simu. Na simu yenyewe haikuwa ya kuchatia tu. Mama yake anauza keki, na oda zote zilikuwa zinaingia humo. Kapanda daladala mpaka Kariakoo, karudi na saundikadi mpya ndani ya boksi. Kachomeka. Sauti ile ile. Pipa lile lile.

Aliyemaliza kesi ni fundi simu wa pale kituoni, baba wa watu ambaye hajawahi hata kukanyaga studio. Kaishika pini ya hedifoni, kaitazama, kauliza: "Mwanangu, mbona hii ina mistari mitatu?" Kampa kaadapta kadogo cha kutenganisha maiki na spika. Vokali ikarudi katikati, besi ikarudi, na ile saundikadi ya zamani, "toi", ikalia safi kabisa. Simu ya mama imeshauzwa.

KILICHOTOKEA NDANI YA PINI

Hii inaelezeka kwa dakika moja, na ndiyo inayouma. Pini ya hedifoni za studio ina mistari miwili myeusi inayogawa chuma vipande vitatu. Ncha ni sikio la kushoto, kipande cha katikati ni sikio la kulia, na cha chini kabisa ni njia ya kurudi ya masikio yote mawili. Pini ya hedifoni za simu zenye maiki ina mistari mitatu na vipande vinne, sababu kimeongezwa kimoja cha maiki.

Ukiichomeka hiyo ya vipande vinne kwenye tundu lililotengenezwa kwa vitatu, mara nyingi inakubali. Lakini kuna wakati ile njia ya kurudi inakosa kugusa. Hapo spika ya kushoto na ya kulia zinabaki zimeungana zenyewe kwa zenyewe, na kinachofika masikioni ni ile tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Chochote kilicho sawa pande zote mbili kinajifuta. Na kwenye ngoma nyingi za Bongo, katikati kunakaa nini? Vokali, besi na ngoma kubwa. Vile vile alivyovikosa dogo. Kinachobaki ni mwangwi na vinanda vya pembeni.

Sasa jibuni swali hili. Yule mkubwa alikuwa analijua hilo au halijui? Kama alikuwa analijua akanyamaza, huo ni uchoyo. Kama halijui, basi hana haki ya kuita kifaa cha mwenzake toi, maana hata yeye anabahatisha, ana hela nyingi za kubahatishia tu.

KABLA HUJAUZA KITU, PITA HAPA

Mjini kila tatizo la sauti lina jibu moja: "nunua kubwa zaidi". Anayeuza anasema hivyo sababu anauza. Mkubwa anasema hivyo sababu kuelekeza kunachukua muda na kejeli haichukui. Ila matatizo mengi ya hedifoni kwenye saundikadi ya USB yanajulikana, na mengi yanatibika bure.

Anza kwa kubadilishana. Hedifoni hizo hizo zichomeke kwenye simu au redio. Hedifoni za mtu mwingine zichomeke kwenye saundikadi yako. Ndani ya dakika 2 umejua mgonjwa ni nani. Kagua na adapta ya kukuza pini kuwa ile nene ya milimita 6.35. Ukikuta ina mstari mmoja tu, hiyo ni ya sauti ya upande mmoja, ndiyo maana sikio la kulia limekufa. Na sukuma pini mpaka mwisho, wengi wanaishia nusu.

Unajisikia mara mbili, sauti kama ya bati au roboti? Saundikadi nyingi zinakurudishia sauti yako moja kwa moja kutoka kwenye maiki. Programu ya kurekodia nayo inakurudishia sauti hiyo hiyo ikiwa imechelewa kidogo. Zikikutana masikioni zinaharibiana. Zima moja. Kama kadi ina kitufe cha kujisikia moja kwa moja, kitumie hicho, kwenye programu zima.

Inakwaruza na kukatika-katika kama mahindi yanakaangwa? Angalia bafa, ule mgao mdogo wa sauti ambao kompyuta inauandaa kabla ya kuutoa. Ukiweka 64 kwenye laptopu iliyochoka, unaibebesha mzigo isiouweza. Wakati wa kurekodi jaribu 128 au 256, wakati wa kumiksi panda mpaka 512 au 1,024. Kwa kasi ya hezi 48,000, bafa ya 512 ni kama milisekunde 11 tu. Kisha hakikisha programu na Windows zote ziko kwenye kasi moja. Sidii ni 44,100, video nyingi ni 48,000. Zikigombana, sauti inakatika au hata inabadilisha mwendo. Na weka draiva ya kampuni iliyotengeneza kadi yako. Kadi nyingi za kurekodia zina draiva ya bure kwenye tovuti ya kampuni, ila vijana wanaenda kuidaunilodi kwenye viungo vya ajabu ajabu mpaka wanaingiza virusi.

Sauti inashuka yenyewe ukipokea simu kwenye laptopu? Windows ina setingi ya mawasiliano ambayo inakuja ikiwa imewekwa kushusha sauti nyingine zote kwa asilimia 80. Ingia kwenye setingi za sauti, tafuta sehemu ya mawasiliano, iambie isifanye chochote. Ukiwa humo humo, zima na yale mambo ya "kuboresha sauti". Kwenye muziki yanaboronga.

Kuna mlio wa "mmmm" au kamluzi kembamba? Chomoa chaja ya laptopu, utumie betri kidogo. Mlio ukiisha, umempata mchawi, ni umeme. Mageto mengi yana ekstensheni moja iliyobeba feni, chaja nne na pasi, nyingine hazina hata waya wa ethi. Kuna wanaochomeka chaja ya miguu miwili kwa kutumbukiza kalamu kwenye tundu la juu la soketi, kila mtu anakujua huko. Tafuta ekstensheni nzima yenye miguu mitatu. Na yeyote atakayekwambia ukate mguu wa ethi ili mlio uishe, mkimbie. Ethi ndiyo inayokulinda umeme ukivuja. Kingine, kadi ichomeke kwenye laptopu yenyewe. Tundu la USB 2.0 linatoa miliampea 500, sasa ukiweka habu isiyo na umeme wake ukagawana na mausi, flashi na modemu, kadi inashinda njaa.

Sauti ni safi ila ndogo hata ukimaliza kitufe? Soma omu za hedifoni, yaani ukinzani wake. Hedifoni maarufu za studio kama DT 770 Pro za beyerdynamic zimeuzwa za omu 32, 80 na 250, na kwa macho zinafanana. Ukichukua za 250 ukazichomeka kwenye kadi ndogo inayokula umeme wa USB, zitanong'ona tu. Kadi nzima, hedifoni nzima, ndoa ndiyo haijakubali. Kwa geto, 32 mpaka 80 zinatosha.

Hesabu hayo yote. Ni mangapi yaliyodai saundikadi mpya?

"LAKINI KADI ZA BEI CHEE NI MBOVU KWELI"

Wapo watakaokuja na hii kwenye komenti, na wana hoja. Zipo kadi ambazo zinatoa mvumo hata ukizitibu vipi. Zipo zenye vitufe vingi vya kuchekesha sauti kwenye laivu, kurekodia albamu utateseka. Na tundu likishalegea limelegea. Hapo badilisha, hakuna dhambi.

Ila badilisha ukiwa umepima. Daktari anayeandika dawa kwa kumtazama mgonjwa kwenye picha mngemwita tapeli. Prodyuza anayesema "nunua mashine" bila kuuliza pini ina mistari mingapi, mnamwita lejendi.

Na hadithi kwamba kazi haiendi popote bila vifaa vya mamilioni, mji huu huu umeshaikanusha. Singeli imekulia Manzese, Tandale na Mburahati, kwa kompyuta za kawaida na vijana waliokuwa wanachekwa. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso kutoka studio ya Sisso ya Mburahati, na baada ya hapo muziki huo ukapigwa kwenye matamasha ya Ulaya. Waliokuwa wanasubiri mashine kubwa bado wanasubiri.

MASIKIO HAYAUZWI KARIAKOO

Kuna hasara moja hapa ambayo hata simu ya mama haiifikii. Kijana akikosa vokali kwenye hedifoni, anafanya nini? Anapandisha sauti. Haisikiki bado, anapandisha tena. Usiku mzima, kila usiku. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, saa zinashuka mpaka 4 tu. Saa 4 kwa wiki nzima, wakati dogo wa geto anazimaliza kabla ya adhana ya alfajiri.

Masikio yakianza kupiga mluzi hayana draiva ya kudaunilodi. Kwa hiyo braza anayejibu kwa vimoji asijione anatania tu. Kejeli yake inamrudisha mtu kwenye chumba chenye tatizo lile lile, na dawa pekee anayoijua ni kuzungusha kitufe kwenda kulia.

WAKUBWA, MNAOGOPA NINI?

Tuseme ukweli unaosemwa vijiweni kila siku: baadhi ya wakubwa wanaficha kwa makusudi. Dogo akijua kutengeneza sauti yake geto, haji kulipia saa studio. Mtaa ukijua, heshima ya "mwenye mashine" inapungua. Ndiyo maana swali la dakika moja linajibiwa kwa kicheko, halafu jioni mkubwa huyo huyo anaposti picha ya rafu za vifaa na maneno ya kuwatia vijana moyo wapambane. Wapambane na nini, na pini?

Wenye maduka nao wasijifiche. Mteja akija analalamika sauti, mwambie alete hedifoni zake uzijaribu kabla hujamfungulia boksi. Siku hiyo utauza adapta tu, sawa, lakini mwaka mzima ataleta wenzake.

Na ninyi madogo, acheni kuona aibu kwenda kwa fundi simu. Anashika pini na matundu kutwa nzima, wakati huyo lejendi wenu anashika mikrofoni ya mahojiano. Piga picha pini yako, andika jina la kadi yako, eleza unasikia nini na hausikii nini, halafu uliza. Akicheka mmoja, uliza mwingine. Mlicheka naye kwenye grupu, na kesho zamu ni yako.

Sasa uwanja ni wenu. Wewe uliambiwa ununue nini, na mwisho wa siku tatizo lilikuwa nini? Dondosha hapo chini kwenye komenti, kuna mtu atasoma usiku huu kabla hajauza kitu chake. Majina ya wakubwa yabaki kapuni, tunataka dawa.