Milioni moja kwa watoto saba

Mzazi mwenzangu, mtoto akileta daftari la hesabu, usimwambie, "Hata mimi zilinishinda." Kwake hiyo ni ruhusa ya kuacha. Mpe swali hili: shilingi milioni moja, watoto saba, kila mmoja apate ngapi? Jibu ni 142,857, na shilingi moja inabaki (wataigombea, bila shaka).

Sasa azidishe 142,857 mara 2. Anapata 285,714. Mara 3 ni 428,571. Nyamaza, mwache aone mwenyewe: tarakimu ni zile zile sita, zinafuatana vile vile, ila zimeanzia pengine. Mara 4, 5 na 6, ni hivyo hivyo. Mara 7 zinageuka 999,999.

Akiuliza kwa nini, agawanye 1 kwa 7 kwa njia ndefu, bila kikokotoo cha simu. Baki zitakuja 3, 2, 6, 4, 5, kisha 1 aliyoanza nayo inarudi, na mzunguko unaanza upya. Ukizidisha unaingia mzunguko ule ule kwa mlango mwingine.

Mbishi atajaribu mara 8: 1,142,856. Mwambie aitoe ile 1 ya mbele aijumlishe na 142,856 iliyobaki.