Johnny Knoxville: mzaha uliompa mamilioni ukamvunja mbavu

Siku hizi si lazima uwe na runinga ili umwone mtu akijirusha kutoka juu ya paa. Video zinaingia kwenye simu, zinaruka kutoka kundi moja la WhatsApp hadi jingine. Kijana anamrushia mama nyoka wa plastiki huku ndoo ya maji iko kichwani. Mwingine anampigia mzee simu na kumwambia mwanawe amepata ajali, kumbe kamera inarekodi. Watu wanacheka, wanasambaza.

Mtindo huu haukuanzia kwenye simu. Tena wasikilizaji wetu mtashangaa, ulianzia redioni. Mwaka 1947 Mmarekani Allen Funt alianza kipindi cha redio cha kurekodi watu kwa maikrofoni iliyofichwa, na mwaka 1948 akakipeleka kwenye runinga, ambako baadaye kiliitwa Candid Camera. Ila aliyeuchanganya mzaha na hatari, akaufanya biashara ya mamilioni ya dola, ni Johnny Knoxville na wenzake. Tumeona tueleze safari yake, kwa sababu vijana wengi wanaiga alichofanya bila kujua kilichokuwa nyuma ya kamera.

Alianzaje?

Jina lake halisi ni Philip John Clapp. Alizaliwa tarehe 11 Machi 1971 katika mji wa Knoxville, jimbo la Tennessee, na jina la mji ndilo alilojipa la usanii. Baada ya shule alikwenda California kutafuta kazi ya uigizaji. Kazi hazikuja kama alivyotarajia, akawa anaokoteza matangazo ya biashara. Mwaka 1996 akapata mtoto wa kike, na mahitaji ya nyumbani yakaongezeka.

Ndipo akabuni wazo la kuandika makala kuhusu vifaa vya kujilinda, akivijaribu kwenye mwili wake mwenyewe. Jarida la wacheza ubao wa magurudumu liitwalo Big Brother likakubali, na mhariri wake, Jeff Tremaine, akamshauri arekodi na video. Knoxville akapuliziwa dawa ya pilipili machoni, akapigwa shoti ya umeme, kisha akavaa fulana ya kuzuia risasi na kujipiga risasi kifuani.

Yeye, Tremaine na mwongozaji Spike Jonze wakatengeneza kipindi kilichoanza kuonyeshwa kwenye kituo cha MTV mwezi Oktoba 2000. Kiliitwa Jackass, yaani punda dume, na huko kwao ukimwita mtu hivyo umemtukana kuwa ni mpumbavu. Hilo jina linaeleza mengi. Walijiita wapumbavu wao kwanza, kabla ya kumcheka mtu mwingine.

Moto wa Connecticut

Kila kipindi kilianza na onyo kwamba watazamaji wasijaribu, na kwamba kituo hakitapokea video za walioiga. Onyo halikutosha. Katika kituko kimoja Knoxville alivaa nguo maalumu za kuzuia moto, akawekewa vipande vya nyama mwilini, akalala juu ya jiko la kuchomea. Januari 2001 mvulana wa miaka 13 katika jimbo la Connecticut aliungua vibaya baada ya yeye na rafiki zake kujaribu kuiga. Wao walikuwa na petroli. Nguo za kuzuia moto hawakuwa nazo.

Seneta wa jimbo hilo, Joe Lieberman, ambaye miezi michache kabla alikuwa amewania umakamu wa rais, alikuja juu na kuitaka MTV ichukue hatua. Kipindi kikasogezwa kwenye saa za usiku. Hakikudumu sana kwenye runinga, lakini jina lilikuwa limeshakua.

Fedha zilivyoingia

Mwaka 2002 walitoa filamu ya kwanza. Iligharimu dola milioni 5 hivi na ikaingiza karibu dola milioni 80. Ya mwaka 2010, Jackass 3D, iliingiza zaidi ya dola milioni 170. Knoxville naye akapata nafasi katika filamu za kawaida, ikiwemo Men in Black II ya mwaka 2002 na The Dukes of Hazzard ya mwaka 2005.

Kwa maoni yetu, kazi yake bora ni Bad Grandpa ya mwaka 2013. Alipakwa vipodozi akawa babu wa miaka 86, akazunguka na mtoto wa miaka minane anayeigiza kama mjukuu wake. Watu waliokutana nao hawakujua kwamba ni maigizo. Mahali pamoja mtoto anaonekana kutelekezwa kwa baba asiyefaa, ndani ya baa iliyojaa waendesha pikipiki wenye miili mikubwa. Wanaume wale wakasimama kumtetea mtoto wasiyemjua. Mzaha ulikuwa umetegwa ili watu wachekwe, na ukaishia kuonyesha wema wao. Vipodozi vile viliifikisha filamu kwenye orodha ya kuwania tuzo ya Oscar.

Bili iliyolipwa na mwili

Video haikuonyeshi bili. Mwenzao Steve-O, ambaye jina lake ni Stephen Glover na aliwahi kusomea uchekeshaji wa sarakasi, alizama kwenye ulevi na dawa za kulevya. Mwaka 2008 rafiki zake, Knoxville akiwa mbele, walimpeleka hospitali, na tangu mwaka huo ameachana navyo. Ryan Dunn hakupata bahati hiyo. Tarehe 20 Juni 2011 alifariki kwa ajali ya gari Pennsylvania akiwa na miaka 34, na abiria wake akafariki pia. Vipimo vilionyesha alikuwa na pombe zaidi ya mara mbili ya kiwango kinachoruhusiwa kwa dereva. Hapakuwa na kituko kilichokuwa kikirekodiwa usiku ule.

Knoxville mwenyewe, akiwa na miaka 49, alisimama mbele ya fahali kwa ajili ya filamu ya Jackass Forever, iliyotoka Februari 2022. Fahali alimrusha hewani. Alivunjika mbavu na kifundo cha mkono, ubongo ukatikisika na kuvuja damu. Baada ya hapo alisema hadharani kwamba hawezi tena kucheza vituko vinavyohatarisha kichwa chake. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha. Wake ulichukua miaka ishirini kutumbuka.

Nani anaumia?

Hapa ndipo tunapotaka tukae kidogo na wasikilizaji wetu. Knoxville na wenzake hawakuwa malaika. Waliwasumbua pia watu baki mitaani. Lakini mara nyingi aliyeumia alikuwa ni mtu aliyekubali kuumia, anayelipwa kwa kuumia, na mwenye daktari aliyesimama pembeni. Na mtu baki aliyenaswa kwenye kamera huelezwa baadaye na kuombwa saini, ndipo sura yake ionekane.

Sasa rudi kwa yule mama mwenye ndoo. Hakukubali. Halipwi. Akianguka, zahanati inaweza kuwa mwendo wa saa nzima kwa bodaboda, na nauli atatoa mwenyewe. Yule mzee aliyeambiwa mwanawe amepata ajali, kama ana shinikizo la damu, nani atakuwa naye usiku huo? Mwenye kamera anapata wafuasi. Aliyerekodiwa anabaki kuchekwa sokoni.

Sisi si watu wasiojua mzaha. Tuna utani. Mngoni na Mhehe wanataniana hadi msibani, na mgeni asiyejua anaweza kudhani wanagombana. Lakini mtani wako unamjua, naye anakujua. Akikutania leo, kesho na wewe utamtania. Na msiba ukikufika, huyo huyo mtani ndiye anayekuja kusaidia kazi za mazishi. Video ya kumvizia mtu njiani haina hata kimoja kati ya hivyo. Aliyeviziwa hana zamu yake ya kujibu.

Sheria nazo zimeanza kuliona hili. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zote mbili zinatambua kwamba taarifa za mtu ni zake, na picha inayomtambulisha ni sehemu ya taarifa hizo.

Kwa vijana wetu wanaotaka kuchekesha kwa simu, na wapo wenye kipaji cha kweli, tunashauri haya. Mwanzie mtu anayekujua na anayeweza kukujibu. Usitumie habari ya kifo, ajali au ugonjwa. Usimguse mtu aliyebeba mzigo, mtoto mgongoni, au aliye juu ya chombo cha moto. Ukishamaliza, mwonyeshe video yeye kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, umuulize kama anaridhia. Akikataa, ifute akiwa anaona.

Na wewe unayepokea video hizo kwenye kundi, kabla ya kuisogeza mbele, mtazame usoni yule anayechekwa. Kama yeye hacheki, iishie kwenye simu yako.