Kuwa Nyumbani Si Kuwa na Mtoto



Shule zinapofungwa mwezi Desemba, nyumba nyingi hufurahi kwa sababu mbili: watoto wakubwa wako nyumbani, na mama anapata nafuu kwa kuwa sasa yuko wa kumshika yule mdogo. Ni sababu hiyo ya pili inayotusumbua sisi wauguzi. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anakabidhiwa kwa dada yake wa miaka minane, na huyo dada anaitwa na wenzake kucheza rede.

Wodini, mtoto akiletwa ameungua uji, mara nyingi mama husema: "Sista, nilikuwepo hapohapo nyumbani." Nami humwamini. Alikuwepo, akifua nyuma ya nyumba. Baba naye alikuwepo, chini ya mwembe na redio yake. Aliyekosekana ni mtu mzima mmoja mwenye kazi ya kumtazama mtoto.

Mtoto wa umri huo si mtukutu kwa makusudi. Anajifunza kwa mikono na kinywa. Miguu inamfikisha popote, lakini akili ya kuogopa bado. Ukimwambia "moto!" atarudia vizuri kabisa, "moto," huku anaunyooshea mkono. Wala dawa si kumfunga mgongoni kutwa nzima. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linasema mtoto wa mwaka 1 au 2 anahitaji kuchezacheza na kutembeatembea walau dakika 180 kwa siku, yaani saa 3. Na wale wanaomtuliza kwa simu ya mkononi wajue kuwa mwongozo huohuo haushauri hata kidogo mtoto wa mwaka mmoja akalishwe mbele ya simu au televisheni. Wa miaka miwili isizidi saa 1. Basi lazima akimbie, na lazima awepo wa kumwangalia.

Wakati wa joto hatari huongezeka. Mtoto ana kiu, anaona chupa ya soda chini ya meza, anakunywa. Kumbe ni mafuta ya taa. Hapo nawasihi: msimtapishe, wala msimpe maziwa au mafuta ya kula ili atapike. Mafuta ya taa huumiza zaidi yanapoingia kwenye mapafu, na kutapika huyapa nafasi ya pili ya kupita njia ya hewa. Mleteni hospitali mara moja, pamoja na ile chupa. Ndoo ya maji nayo huwavuta wadogo siku za joto. Kichwa cha mtoto ni kizito kwa mwili wake. Akiinamia ndoo na kutumbukia hawezi kujiinua, hata kama maji ni kidogo. Tena hapigi kelele.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, afunikwe kwa kitambaa safi, aletwe. Dawa ya meno, yai na samli viacheni jikoni na bafuni.

Najua jibu la wazee: "Sisi tulilelewa na dada zetu, na tukakua." Ni kweli. Ila wasiokua hawapo barazani kusimulia. Tena siku hizo bibi alikuwa uani, shangazi nyumba ya pili, na kila mmoja alikuwa na jicho. Leo familia nyingi zimepanga vyumba viwili mjini, na bibi yuko kijijini. Tumebaki na desturi, macho yamepungua.

Nimewahi kumwona dada wa namna hiyo mlangoni mwa wodi, analia kuliko mgonjwa, kwa sababu ameshachapwa na ameshaambiwa kuwa ni yeye aliyemuunguza mdogo wake. Huo si uonevu? Mtoto mkubwa acheze na mdogo, amwimbie, amfundishe kuhesabu. Kumjibia, hapana.

Shaurini zamu, kati ya watu wazima. Aliye zamu aseme kwa sauti, "Sasa ni mimi," na asimwache mtoto mpaka mwingine aseme hivyo. Haigharimu shilingi. Na baba asijitoe. Papa Yohane Paulo wa Pili, katika wosia wake wa kitume Familiaris Consortio wa mwaka 1981, alieleza kuwa nafasi ya baba katika familia haina wa kuijaza. Baba aliye likizo aanze na saa ile mama anapoinjika chungu cha uji, maana ndipo moto unapokuwa mkali na mama hana mkono wa ziada.