Tarumbeta moja, mikono mingi: habari, simu na kazi yetu wakati wa vita



Tangu M23 ilipoingia Goma Januari 2025, kisha Bukavu Februari, watu wengi wa Kivu wanaamka na simu mkononi. Jambo hilo linaeleweka. Mabanki yalifunga milango, ndege zikaacha kutua Goma, na barabara inayopitika leo inaweza isipitike kesho. Huko Ituri na Beni, ambako ADF wameua raia kwa miaka mingi, mama anayetaka kwenda shambani anauliza kwanza habari za njia. Kwetu sisi habari si mchezo. Inaweza kuokoa maisha.

Lakini katika simu hiyohiyo mnaingia pia mambo mengine: sauti isiyo na jina inayosema washambuliaji wako karibu, picha ya maiti iliyopigwa katika vita vya nchi nyingine, barua yenye muhuri wa kughushi, maneno ya chuki juu ya kabila zima. Tarehe 27 Juni 2025 Kongo na Rwanda zilisaini mapatano Washington. Tarehe 19 Julai serikali yetu na M23 zikasaini tamko la kanuni huko Doha. Kila mara linapotokea tukio la namna hiyo, makundi ya WhatsApp hujaa tafsiri mia moja, na kila moja inasema ndiyo ya kweli. Mtu analala saa nane za usiku, anaamka amechoka, mega zimekwisha, na hajui zaidi ya alivyojua jana.

Kwa hiyo swali tunaloliuliza makanisa yetu si kama tufuate habari au tuziache. Swali ni hili: habari zinatusaidia kuishi na kutumika, au zimechukua mahali pa maisha na utumishi?

Kwa nini uvumi una nguvu hapa

Wengine husema watu wetu wanaamini uvumi kwa sababu hawakusoma. Si kweli. Uvumi una nguvu mahali ambapo watu wamedanganywa mara nyingi, na ambapo kuchelewa kujua kunaweza kuua.

Tukumbuke Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Waliougua walikuwa karibu 3,470, na waliokufa ni zaidi ya 2,280. Watu wengi Beni na Butembo walisema ugonjwa huo umetungwa kwa ajili ya pesa au siasa. Maneno hayo yalipata mbolea: mwisho wa 2018 uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo kwa sababu ya Ebola na usalama, huku sehemu nyingine za nchi zikipiga kura. Watu walioona mauaji miaka mingi bila msaada wa kutosha waliona magari mengi yakija kwa ajili ya ugonjwa mmoja. Wakauliza, na swali lao lilikuwa la haki. Lakini jibu walilopewa na uvumi liliua. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019. Tarehe 19 Aprili mwaka huo daktari wa OMS kutoka Kameruni aliuawa hospitalini Butembo. Wagonjwa walifichwa nyumbani, na waliowauguza wakaambukizwa.

Kazi ilianza kuwa nyepesi pale watu walipoelezwa na watu wanaowajua: wauguzi wa mtaa, wachungaji, wamama wa ushirika, wagonjwa waliopona. Hatimaye zaidi ya watu 300,000 walipata chanjo. Hapa tunajifunza kwamba dawa ya uvumi si kumkemea anayeuliza. Dawa ni mtu wa kuaminika anayesema analolijua, na anayekubali kunyamaza juu ya asilolijua.

Upande mwingine wa jambo hili tunaujua pia katika eneo letu la Maziwa Makuu. Redio RTLM ya Rwanda ilitumia utani, muziki na majina ya watu kuchochea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa ya Arusha iliwahukumu waanzilishi wake wawili pamoja na mkuu wa gazeti la Kangura. Leo kila mwenye simu ana redio ndogo mfukoni. Amri ya tisa, inayokataza ushahidi wa uongo juu ya jirani, inamhusu pia anayebonyeza na kusambaza kile ambacho hakukiandika yeye.

Nehemia na barua ya wazi

Neno la Mungu lina mfano ulio karibu sana na hali yetu. Katika Nehemia sura ya 6, Sanbalati na wenzake wanamwita Nehemia mara nne aache ukuta na kuteremka wakazungumze. Anajibu kwamba ana kazi kubwa, hawezi kuiacha. Mara ya tano wanamtumia barua ya wazi, ambayo kila mtu njiani angeweza kuisoma: inasemekana Wayahudi wanataka kuasi, inasemekana Nehemia anataka kuwa mfalme. Shahidi wao ni yule aliyesikia tu. Nehemia anajibu kwa ufupi kwamba mambo hayo wameyatunga, anaomba Mungu aitie nguvu mikono yake, na anarudi kazini. Ukuta ukamalizika kwa siku 52.

Lakini tusome pia sura ya 4. Nehemia hakuziba masikio. Aliweka walinzi, na karibu naye alisimama mpiga tarumbeta. Tarumbeta ikilia, wote wakimbilie mahali pamoja. Hiyo ndiyo habari ya kweli: inatoka mahali panapojulikana, inalia kwa sababu, na inasema la kufanya. Kama kila mjenzi angepiga tarumbeta yake mchana kutwa, nani angejua hatari imefika? Na nani angeweka jiwe juu ya jiwe?

Mikono inayorudishiwa kazi

Hapa ndipo uzito wa jambo lenyewe. Uvumi hautuibii ukweli peke yake. Unatuibia mikono. Mtu aliyekaa siku nzima akingoja sauti mpya anaanza kujiona kama mzigo unaobebwa na vita, bila wito wake mwenyewe. Yeremia 29 inaonyesha kwamba Mungu aliwaandikia watu wa uhamisho wajenge nyumba na kupanda bustani, wakati manabii wa uongo walikuwa wakiwaambia mambo yatakwisha upesi. Kazi ya kuumba na kupanda ilikuwa imani yao.

Sisi tuna mashahidi wa hapahapa. Oktoba 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Daktari wake mkuu, Denis Mukwege, mwana wa mchungaji, hakuacha wito wake. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, Bukavu, chini ya CEPAC. Dunia ilimpa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, lakini kazi ilikuwa imekwisha kufanyika miaka mingi bila makofi. Panzi wanawake waliojeruhiwa na ubakaji wametunga nyimbo zao wenyewe na kuzirekodi studio, kama sehemu ya uponyaji. Midomo iliyonyamazishwa ikapata wimbo.

Tuangalie na chukudu. Hakuna kiwanda cha ng'ambo kilichotuletea. Ni vijana wa Kivu waliochonga mti, wakavika magurudumu vipande vya matairi ya zamani, wakabeba viazi, makaa na mbao. Goma waliisimamishia sanamu. Ni akili tuliyopewa na Mungu, ileile aliyompa Bezaleli katika Kutoka 31 ili achonge na kufuma.

Tufanye nini wiki hii

Kwanza, tuchague saa ya habari. Mara mbili kwa siku zinatosha wengi wetu. Tusikilize redio yenye jina na anwani, kama Radio Okapi inayosema Kiswahili tangu 2002, au redio ya mahali petu. Habari ya hatari ya ghafula ipitie kwa watu wachache waliochaguliwa na kanisa, wanaopiga simu na kuhakikisha. Hao ndio wapiga tarumbeta wetu.

Pili, kabla ya kusambaza, tuulize: nani amesema, wapi, lini, na aliona au alisikia? WhatsApp huweka mishale miwili juu ya ujumbe uliosambazwa mara nyingi. Alama hiyo haisemi ujumbe ni wa uongo, lakini inatuambia umesafiri mbali na mwenyewe. Na ujumbe unaohukumu kabila zima uishie kwetu, hata ukitoka kwa ndugu katika imani.

Tatu, saa tuliyoirudisha tuipe kazi. Kwaya itunge wimbo mmoja mpya wenye habari za watu wetu. Wamama wanaojua cherehani au sabuni wamchukue msichana mmoja aliyekimbia vita wamfundishe. Vijana wenye simu nzuri wawarekodi wazee wakisimulia historia ya kanisa lao kabla haijapotea. Simu hiyohiyo iliyobeba hofu inaweza kubeba kumbukumbu.

Hatuna uwezo wa kuamua yatakayosainiwa Washington au Doha. Lakini hakuna jeshi lililopewa mamlaka juu ya kile tunachokiimba, tunachokishona na tunachokataa kusambaza. Bwana aitie nguvu mikono yetu.